Kumbi nne kwa usiku mmoja: nilivyompeleka baba kusikiliza bendi

Baba alifanya kazi miaka 19 kwenye chumba cha mitambo ya kufuma nguo, na mitambo ile ndiyo iliyomla masikio. Sasa ana miaka 71 na anaishi Morogoro. Mwaka jana nilimleta Dar kwa daktari wa masikio, tukaonyeshwa mchoro wenye mstari unaoanza vizuri kisha unashuka kama mteremko wa Kitonga. Daktari akatueleza kwamba sauti nzito bado anazipata, ila sauti nyembamba zimekwenda na hazitarudi, na zilizobaki nazo zitaendelea kupungua. Baba alitikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesomewa bei sokoni. Tukiwa kwenye bajaji ya kurudi kwangu Tabata ndipo akasema, "Mwanangu, kabla hayajafunga kabisa nataka nisikie bendi. Bendi ya watu, siyo redio. Nataka nisikie tarumbeta."

Nikamwahidi Jumamosi ile ile. Nilikuwa na siku tatu za kujiandaa na sikujiandaa hata moja, kwa sababu niliamini kwenda kusikiliza bendi ni kufika mlangoni, kulipa na kuketi. Nimeona niandike yaliyotokea, kwa kuwa najua wapo wenzangu wenye wazazi wa umri huu wanaotamani kuwafanyia jambo kama hili.

Kwanza nieleze bendi ni nini kwa mtu kama baba, maana mimi mwenyewe sikuelewa. Alikulia Morogoro, katika mji wa mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, na anaikumbuka Januari ya 1979 habari zilipofika kwamba Mbaraka amefariki kwa ajali ya gari Mombasa. Wakati huo alikuwa tayari Dar, kiwandani. Dar ya miaka ile ilikuwa na bendi kila kona kwa sababu bendi zilikuwa na wenyewe. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilika jina bendi nayo ikabadilika, ikawa Juwata, kisha OTTU, hadi ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978, baadaye ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, na watu wakaiita Sikinde, Ngoma ya Ukae. Jeshi lilikuwa na bendi, Polisi walikuwa na bendi, vijana wa chama tawala walikuwa na bendi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara wa mwezi, na magitaa na spika vilikuwa mali ya shirika. Ndiyo maana kijana wa kiwandani aliweza kutoka zamu ya jioni, kuoga, kuvaa suruali ya bugaluu na kwenda kucheza bila kukopa. Baba ni wa Sikinde. Kaka yake mkubwa alikuwa wa Msondo, na mpaka leo wakikutana kwenye misiba wanabishana kama Simba na Yanga.

Mashirika yalipochoka bendi zikaachwa zijitafutie. Hili ningelifikiria kabla ya Jumamosi, lingeniokoa na kosa langu la kwanza. Bendi isiyo na mshahara inaishi kwa kiingilio, kwa kutunzwa hela jukwaani na kwa kukodiwa, na harusi moja inaweza kulipa kuliko Jumamosi tatu za mlangoni. Mimi nilipanga safari kwa bango nililoliona limebandikwa ukutani Ilala, lenye picha za waimbaji na maneno "Kila Jumamosi". Tukafika saa mbili na nusu usiku, mimi, baba na mdogo wangu wa kiume. Ukumbi uko wazi, viti vimepangwa, muziki unatoka kwenye kompyuta. Nilipouliza bendi inaanza saa ngapi, kijana wa kaunta akanijibu bila kuinua uso, "Leo wapo harusini Kigamboni, dada. Wiki hii hawapo, na wiki ijayo wanakwenda Tanga."

Bango lilikuwa la miezi mingi. Siku hizi sitoki nyumbani kabla sijampigia simu mtu wa bendi yenyewe, siyo mtu wa baa, na ninapiga mchana wa siku ile ile. Namba huwa zimeandikwa chini ya mabango kwa ajili ya watu wa harusi, na wanaopokea ni viongozi wa bendi. Mwisho wa mwezi bendi nyingi huwa mikoani. Mwezi wa Ramadhani dansi husimama, wanamuziki wanapumzika au wanatunga, halafu Idi Mosi na Idi Pili zote zinarudi kwa kishindo na kumbi hujaa. Kama mzee wako anapenda watu wengi, mpeleke Idi. Kama hapendi kusukumwa, subiri wiki mbili.

Baba alisema si neno, twende kwingine. Nikiwa na aibu ya kumwangusha, nikafanya lile ambalo sasa naliona ndilo mzizi wa makosa yote yaliyofuata: nikaamua kufidia kwa wingi. Nikasema tutakwenda kumbi tatu, aonje kila kitu. Tuanze na taarabu Magomeni, twende rumba ya Kikongo Sinza, tumalizie na dansi Mwananyamala. Mdogo wangu alifurahi kwa sababu ya Sinza. Baba hakuulizwa.

Magomeni tulilipa shilingi 10,000 kila mmoja. Tuliingia saa tatu kasoro, na wapiga vinanda walikuwa bado wanafunga nyaya. Mhudumu aliyemwona baba alimpenda papo hapo, akamwamkia, akatupa meza ya mbele kabisa kwa heshima ya mvi zake. Nami nikaona nimefanikiwa. Meza ile ilikuwa hatua nne kutoka kwenye spika. Tukaketi hapo karibu saa mbili tukinywa soda kabla ya wimbo wa kwanza wa maana, na baba akaanza kusinzia, kwa kuwa nyumbani kwake hulala saa tatu na nusu. Kumbi za Dar saa iliyoandikwa ni saa ya kufungua mlango. Vijana wanaojifunza hutangulia kupiga kopi za nyimbo za wengine, na waimbaji wakubwa huanza kupanda jukwaani kuanzia saa tano. Mzee akilala mchana na kula vizuri saa moja, hiyo saa tano ataiweza. Baba hakuwa amelala, na alikuwa amekula wali wa saa saba mchana.

Taarabu ilipoanza nilisahau hayo yote. Akina mama waliovaa sare za rangi ya zambarau waliinuka meza kwa meza, wakaenda mbele wakiwa wameinua noti juu kwa vidole viwili, wakicheza polepole kwa mabega. Mimi nilikuwa nimeona haya kwenye harusi tu. Mwimbaji alifika kwenye beti moja inayomsema jirani mwenye jicho la husuda, watu wakapiga vigelegele, nami nikashikwa. Nikatoa 10,000, nikainuka kwenda kumtunza, na kwa kuwa njia ya katikati ilijaa nikapita ubavuni, mbele ya meza ya wanawake wanne nisiowajua. Nikampa mwimbaji, nikageuka nikitabasamu. Mmoja wa wale wanne alikuwa amesimama. Alikwenda akatunza beti ile ile kwa noti tatu, moja baada ya nyingine, na kila noti alinitazama mimi. Kisha akaja mpaka mezani kwetu akaniuliza, mbele ya baba, mimi ni nani hata nimseme.

Nilitetemeka. Mdogo wangu alianza kuinuka na nikamvuta shati. Mama mmoja mtu mzima wa meza ya nyuma ndiye aliyenusuru, alimshika yule dada mkono, akamrudisha kwake, halafu akaja kuniinamia sikioni. "Mwanangu, hapa hela ina mdomo," akaniambia. "Ukiitoa kwenye beti ya kuchoma, maneno yale umeyasema wewe. Na umepita mbele ya meza yao." Akanifundisha kwamba mgeni anatunza mwanzo wa wimbo, au kwenye nyimbo za mapenzi na za kusifu, na kama mioyo ya ukumbi huijui, mpe mhudumu apeleke. Nilikwenda kumwomba radhi yule dada nikiwa nimeshika mikono miwili mbele. Alinikubalia, ingawa kwa shingo upande, na ninamwelewa. Mtu huingia na vidonda vyake ukumbini.

Tuliondoka saa tano na nusu. Yaani tuliondoka pale hasa ambapo usiku ulikuwa unaanza.

Njiani dereva wa bajaji aliuliza tunashukia wapi, mdogo wangu akajibu, "Mbele kidogo ya kwa Remmy." Baba, aliyekuwa hajasema kitu tangu Magomeni, akageuza kichwa. Akamwuliza dereva kama anamjua Remmy. Kijana akasema ni jina la kituo. Basi baba akamsimulia njia nzima, juu ya kelele za injini, kwamba Remmy Ongala alikuwa mtu, mzaliwa wa Kindu kule Congo, alikuja Dar kupiga na Orchestra Makassy, kisha akasimama na Super Matimila, akaimba mambo ya wanyonge na ya kifo bila kumung'unya maneno, akaishi hapo Sinza mpaka watu wakapaita kwake, akafariki Desemba 2010. Dereva alipunguza mwendo ili asikie. Nilipenda sana dakika zile kumi, na sikuzipanga.

Sinza ndiko nilikoumia mfukoni na rohoni. Kiingilio kilikuwa 20,000 kwa kila mmoja, na nilimlipia hata mdogo wangu ili asinung'unike. Bendi ilikuwa nzuri, nasema kweli. Mpiga solo alikuwa anafuma sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, vidole vikikimbia mwisho wa shingo ya gitaa na wanenguaji wanne wakimfuata bila kukosea hata hatua moja. Ila sauti ilikuwa inagonga kifuani. Nikamtafutia tena baba kiti cha mbele. Alikaa wima, mikono juu ya mapaja, uso umekaza. Nikafikiri anasikiliza. Baada ya muda nikaona ameweka kiganja sikioni kama anayejikuna, akakitoa haraka nilipomtazama.

Daktari alikuwa ametueleza na sikumwelewa. Sikio lililoharibiwa na kelele halihitaji tu kuongezewa sauti. Sauti ndogo halizisikii kabisa, lakini sauti kubwa likizipata zinaliumiza kuliko sikio zima, nafasi iliyobaki katikati ni nyembamba. Kumweka mtu wa namna hiyo mbele ya spika ni kumpiga. Simu yangu ina programu ya kupima kelele, si kipimo cha kitaalamu, lakini nilipoiwasha pale ilionyesha kati ya desibeli 101 na 104. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kumbi za muziki zisizidi wastani wa desibeli 100 kwa kila dakika 15, na hiyo ni kwa masikio mazima.

Nikaita bili ili tuondoke. Tulikunywa soda mbili, maji mawili na bia tatu za mdogo wangu. Bili ikaja na bia saba na sahani ya mishikaki ambayo haikufika mezani kwetu. Mhudumu aliyetuhudumia hakuonekana, aliyeleta bili alikuwa mwingine, na chupa tupu zilikuwa zimeshaondolewa. Nilibishana kwa kupiga kelele sikioni mwa mtu asiyenisikia. Walitaka 52,000, mwisho nikalipa 38,000 nikijua bado nimezidishiwa, kwa sababu baba alikuwa amesimama mlangoni ameshika ukuta. Wazoefu waliniambia baadaye wanavyofanya: unalipa kila kinywaji kinapofika, au unamwambia mhudumu asiondoe chupa hata moja mpaka mwisho, na vizibo unaviweka mbele yako. Beba noti ndogo pia. Noti ya 10,000 gizani hurudi na chenji ya matumaini, na kulipa kwa simu saa ya msongamano kunaweza kukuweka kaunta nusu saa ukisubiri ujumbe.

Tulikaa Sinza dakika 25. Kiingilio, vinywaji na bajaji ya kutufikisha vilinigharimu 105,000.

Nje, kwenye bajaji iliyosimama, nikamwuliza baba kama amechoka turudi. Alinyamaza, halafu akasema kwa sauti ya chini sana, "Mwanangu, pale mbele mnaponiweka sisikii muziki. Nasikia mitambo ya kiwandani." Nilimwuliza kwa nini hakusema tangu Magomeni. Akasema, "Umelipa. Ningesemaje?"

Nililia kidogo, nikiwa nimegeukia upande wa barabara. Nilikuwa nimempeleka kila nilikotaka mimi, nikampa kiti cha heshima machoni pa watu, na sikumwuliza swali jepesi kuliko yote, kwamba baba, wewe unakaa wapi ili usikie? Mdogo wangu alisema turudi nyumbani. Baba akakataa. "Tarumbeta sijaisikia."

Mwananyamala tulifika saa sita na nusu. Ni uwanja wa wazi nyuma ya baa, jukwaa la saruji lenye paa la bati, mwembe mmoja, viti vya plastiki. Mlangoni walitudai 5,000 kila mmoja kwa kuwa usiku umekwenda. Safari hii baba alitangulia. Alisimama kwanza, akatazama spika zinaelekea wapi, akazunguka uwanja kwa nyuma mpaka kwenye meza ya fundi mitambo, yule anayeongeza na kupunguza sauti, akavuta kiti akaketi pembeni yake. "Huyu ndiye anayesikia vizuri kuliko wote humu," akaniambia. "Zamani nilikuwa nakaa hivi hivi." Kweli, pale sauti zilikuwa zimetulia na kila chombo kiko mahali pake. Ungeweza hata kuzungumza. Miaka yote ya maisha yangu sikujua kwamba baba ana ujuzi wa mahali pa kukaa.

Bendi ilikuwa ya wazee na vijana mchanganyiko. Magitaa matatu na besi, drams, tumba, kinanda, waimbaji wanne, saksafoni moja na tarumbeta moja. Baba alisema zamani zilikuwa tarumbeta tatu zikijibizana na saksafoni tatu, sasa kinanda kinajaza pengo. Alinifundisha kusikiliza. Wimbo wa dansi una nusu mbili. Ya kwanza ni hadithi, waimbaji wanaeleza shida ya mtu mpaka mwisho, na mchezaji anatembea tu na mwenzake taratibu. Kisha inakuja chemko: magitaa yanashikana, waimbaji wanarudia mstari mmoja au miwili, tumba inapanda, na hapo ndipo tarumbeta inapoingia. Anayeingia na kutoka kila baada ya nusu saa, kama tulivyofanya sisi, hubeba hadithi bila chemko. Na bendi yenyewe nayo ina chemko lake la usiku mzima, ambalo halifiki kabla ya saa sita.

Tulipata saa moja na nusu tu kabla hawajafunga. Nilitamani kuzirudisha saa nne nilizotawanya barabarani.

Baba alicheza. Hakwenda katikati, alisimama pale pale kando ya meza ya fundi, mguu mmoja ukipima na mabega yakifuata, macho kwenye vidole vya mpiga besi. Nilikwenda kutunza bendi, safari hii nikaweka 10,000 kwenye kisahani kilicho mbele ya jukwaa badala ya kumpa mwimbaji mmoja, maana baba alinieleza kwamba ya kisahani hugawanywa kwa wote na ya mkononi ni ya aliyeipokea. Mwimbaji akauliza salamu ziende kwa nani. Nikasema mzee wangu kutoka Morogoro. Alipolitaja hilo katikati ya chemko baba hakulisikia, nikamwambia mimi. Akainua mkono jukwaani.

Lakini tarumbeta hakuisikia vizuri. Alikiri wakati wa kufunga vyombo. Aliona mashavu ya mpigaji yakijaa, akajua sauti inatoka, na kilichomfikia kilikuwa kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Mpiga tarumbeta alikuwa mtu wa makamo, alishuka akamwamkia baba kwa sababu salamu ile ya Morogoro aliishika. Nikamweleza habari ya masikio. Akasema, "Mzee asije tena usiku. Aje mazoezini. Jumatano saa nne asubuhi tupo hapa hapa, spika ndogo, kiingilio hakuna."

Nilikuwa sijui kwamba bendi hufanya mazoezi mchana na kwamba mtu anaweza kukaa tu chini ya mwembe akasikiliza. Laiti ningejua kabla ya Jumamosi ile.

Kurudi Tabata saa nane usiku kulikuwa shida ya peke yake. Mwendokasi na daladala zilishalala. Kwenye simu, madereva wawili walipokea safari kisha wakaikatisha. Bajaji iliyokubali ilitaka 20,000 kwa njia ambayo jioni ingekuwa 8,000. Sasa ninapatana mapema na dereva mmoja ninayemfahamu, anajua saa ya kurudi, na simlipi yote mpaka anirudishe. Tulisimama kula supu njiani kwa sababu baba alikuwa anatetemeka kwa njaa, na hapo ndipo nikakumbuka kwamba dawa yake ya presha ya saa tatu ilibaki kwenye kabati. Hilo ndilo kosa ninaloona aibu kulitaja kuliko yote. Mzee akitoka usiku, dawa, sweta na chupa ya maji vinakaa kwenye mkoba wako, na uwe umeshaangalia choo kiko wapi kabla hajauliza.

Nilipiga hesabu asubuhi. Usiku mzima ulikula 244,000, na muziki ambao baba aliusikia kwa raha haukufika saa mbili, ukijumlisha na hadithi ya kwenye bajaji.

Jumatano tulikwenda. Niliomba ruhusa kazini kwa nusu siku. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa 16,000, nikanunua maandazi na soda za bendi nzima kwa 18,000, na baba akaweka 20,000 zake kwenye kisahani ingawa hakuna aliyemdai. Nilimnunulia pia vizibo vya masikio vya sponji kwenye duka la vifaa vya ujenzi, wanavyotumia mafundi wa kuchomelea, ili avivae wakipandisha sauti. Havikuhitajika sana. Walikuwa wanapanga wimbo mpya, wanasimama, wanabishana, wanaanza tena. Mpiga gitaa la rizimu alikosea mara nne sehemu moja na baba akawa anatikisa kichwa kila mara kabla hata kiongozi hajasimamisha. Watoto wa jirani walikuwa wanachungulia kwenye ukuta.

Walipopumzika, mpiga tarumbeta alivuta kiti akakaa mbele ya baba, kama hatua tatu, bila maikrofoni. Akauliza anataka nini. Baba akamtajia kipande cha zamani, hakutaja wimbo, alikiimba kwa mdomo, ta-ta-raa, na yule bwana akakitambua kabla hajamaliza. Akakipiga taratibu, sauti ya chini kwanza, kisha akapanda. Baba alifumba macho. Alipofika juu kabisa, pale sauti inapokuwa nyembamba, nikaona baba ameinamisha kichwa upande wa kushoto, akitafuta. Akamwomba arudie. Akarudia mara tatu.

"Juu imepungua," baba akasema alipofumbua macho. "Lakini ni yenyewe."